Laini Imekatika
"Maoni ya msikilizaji si maoni ya kituo," husema mtangazaji wa asubuhi hapa Kisumu, kisha hufungua laini. Mpigaji simu kutoka Dunga akiliita kabila jirani gugumaji la kung'olewa ziwani, mtangazaji huangua kicheko na kumwomba arudie, eti sauti haikusikika vizuri. Halafu wimbo.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, inamgusa pia anayetangaza, si anayetamka tu: faini hadi shilingi milioni 1, jela hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini maskini, afanyeje? Kidole hakiwahi kitufe.

Hebu wewe piga simu, useme unga wa mdhamini wa kipindi una wadudu. Utaishia "wa—".