Sifa za Rekodi Pacha

Washairi wetu wamesifu minazi, majahazi na vyakula vya futari, lakini hakuna aliyejaliwa kuisifu rekodi pacha. Ni ile makala moja uliyoipata PubMed, ukaipata tena Scopus na Google Scholar, ukayaingiza matokeo yote kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ukaikuta imekaa mara tatu, imetulia kama haina habari. Deni hilo nalilipa leo, na nalilipia Dzaleka.

Kambi yetu ya wakimbizi iko wilaya ya Dowa, Malawi, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu 10,000 hivi. Sasa tumepita 50,000, na Kiswahili ndicho kinachouza nyanya sokoni. Mwishoni mwa 2013 UNHCR ilikuja hapa kujaribu mfumo mpya wa kusajili watu kwa alama za vidole vyote kumi na mboni za macho. Mtu mmoja, rekodi moja. Doto akipanga foleni kwa jina la Kulwa, mashine inamjua kabla hajafungua mdomo.

Rekodi pacha haipimwi kidole. PubMed inalitaja jarida kwa kifupi, Malawi Med J, kwingine linaandikwa Malawi Medical Journal. Hapa mwandishi ana jina kamili, pale ana herufi na nukta. Hapa mwaka ni 2019, makala ilipotoka mtandaoni, pale ni 2020, ilipochapwa. Zotero inapopokea faili haiulizi kitu, wote karibuni. Mwenzake EndNote kwa kawaida hulinganisha mwandishi, mwaka na kichwa, na mwaka ukipishana kidogo tu inaapa kuwa hizi ni makala mbili. Nani kati yetu aliwahi kupokewa hivyo mpakani Songwe?

Ukarimu wenyewe umeanzia kwenye faili la RIS linalobeba rekodi hizo: maandishi matupu, kila mstari na herufi zake mbili, TY, AU, TI, mpaka ER inayofunga mlango. Mstari wa AU hauna haja ya kujua kama mwandishi ni mtu au taasisi. Ukiandikwa United Nations hivyo hivyo, programu inaweza kumzaa bwana mmoja aitwaye Nations, U. Bwana huyu ameandika mengi mno kuhusu wakimbizi, na sijamwona hata siku moja kwenye foleni ya maji. Bank, W. nadhani ni binamu yake. Sisi Wakongo wenye majina matatu, tuliozoea kuyakuta yamepinduliwa katika kila karatasi, tunampa pole.

Wenye wivu watasema rekodi pacha inapoteza muda. Muda upi? Faili limepakuliwa Lilongwe, ni kilobaiti chache, limo kwenye flashi. Bando likiisha, hiyo ndiyo kazi pekee ya kitaaluma isiyodai intaneti: kukaa na kompyuta yenye chaji kidogo ukiunganisha pacha mmoja baada ya mwingine. (Unganisha, usifute. Ukifuta ile uliyokwisha kuinukuu, tasnifu yako itabaki na nukuu yatima.)

Tena ina cheo rasmi. Mchoro wa PRISMA wa 2020, ambao majarida mengi huudai kwa mapitio ya tafiti, umeitengea nafasi yake juu kabisa: idadi ya rekodi pacha zilizoondolewa kabla ya kuchuja. Mtafiti asiye na pacha ataandika nini hapo, sifuri? Watadhani hakutafuta.

Iko aina moja tu inayonishinda kuisifu. Mtafiti anashuka na dodoso, anatuuliza tulitoka lini, tunakula mara ngapi, tunaota nini usiku. Anaondoka, anakuja mwingine na maswali yale yale, kwa nyumba zile zile, na sisi tunajibu yale yale. Makala zao zikiingizwa, programu inazipitisha zote mbili bila kusita, kwa sababu kila moja ina namba yake ya DOI.