Maombi ya Uwanja wa 2033

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Tume ya Taifa ya Michezo, Abuja, Nigeria.

Sisi wa huku mashariki, ambao Taifa Stars yetu ilifungwa mabao 3 kwa 1 pale Surulere, Lagos, tarehe 8 Machi 1980, na kwa hiyo tuna haki kidogo ya kuulizia hali ya uwanja ule, tunakuleteeni pongezi kwa hekima ambayo, ajabu, hatujasikia mtu akiisifu.

Uwanja ule mliujenga kwa Michezo ya Afrika ya 1973, na mwezi ule ule tuliofungwa mkatwaa humo Kombe la Afrika kwa kuwalaza Algeria 3 kwa bila, mawili akiyafunga Segun Odegbami. Kisha, badala ya kujitaabisha kwa kupaka rangi na kuziba mabomba, kazi za mataifa yasiyojaaliwa petroli, mkauhamisha mji mkuu wenyewe mwaka 1991, na Michezo iliporejea kwenu mwaka 2003, miaka 30 barabara, mkasimamisha Abuja uwanja mwingine wa watu 60,000.

Huo nao haukukawia kufuata mwendo wa kaka yake. Magugu yakazishinda nyasi, timu yenu ya taifa ikahamia Uyo, na mwaka 2019 mkaukarabati kwa njia isiyo na gharama: mkaubadili jina. Marehemu Moshood Abiola, aliyeshinda uchaguzi wa 12 Juni 1993, ukabatilishwa, naye akafia kizuizini mwaka 1998, hatimaye amepewa dola, ijapokuwa raia wake aghalabu ni viti vitupu. Gharama ya nyasi mkamwachia tajiri Aliko Dangote.

Tena tarehe 29 Machi 2022, Ghana ilipotoka nanyi humo sare ya 1 kwa 1 na kuwanyang'anya safari ya Kombe la Dunia la Qatar, mashabiki waliruka uzio wakavunja hata mabanda ya wachezaji wa akiba. FIFA iliwatoza faranga za Uswisi 150,000, dhuluma tupu, kwani watu wale walitimiza kwa dakika chache shughuli ambayo ofisi huchukua miaka.

Sasa 2033, itakapotimia miaka 30 mingine, haiko mbali. Tunaomba mtujulishe mapema mji mkuu mpya utakuwa wapi, wapangaji wapate kutafuta vyumba. Na uwanja wa tatu tafadhalini msiupe jina, mpate cha kuukarabatia utakapochakaa.

Wasalaam.