Kampuni za Kabatini

Mjomba, shikamoo. Wengine wote mlioketi hapo barazani nawasalimu kila mtu kwa rika lake, maana nikianza kugawa shikamoo na mambo vipi mmoja mmoja karatasi itaisha sijafika kwenye habari. Mmeuliza kupitia simu ya Shangazi, tena kwa sauti ya kudai: "Hivi huyo kijana huko Dublin anafanya kazi gani hasa?" Swali halali. Nimelikwepa muda mrefu kwa sababu jibu lake la kweli linasikika kama uongo.

Niko mapokezi. Mimi ni mlinzi, karani na mpokea barua, kwa mshahara wa mmoja wao, yule wa chini. Jengo lenyewe ni la vioo, kaskazini mwa mto Liffey, upande ule uliokuwa wa mabohari na makuli na sasa umejaa benki na mawakili. Alfajiri napanda Luas, treni yao ya barabarani, kutoka Tallaght, nikiwa nimebanwa katikati ya Wabrazili, Wanigeria na Wafilipino tunaokwenda kuufungua mji kabla wenyewe hawajaamka. Mvua ipo. Sitaitaja tena, ila mjue ipo katika kila sentensi.

Aliyeniajiri siye mwenye jengo. Mwenye jengo amekodi kampuni ya ulinzi, kampuni ya ulinzi imekodi wakala, wakala ndiye amenikodi mimi. Matokeo yake kila neema ina mlango ambao si wangu. Chai ya bure ya ghorofa ya tatu ni ya watu wa jengo. Mimi si wa jengo. Sherehe ya Krismasi ni ya watu wa ulinzi. Mimi ni wa wakala. Wakala hana chai wala sherehe, ila kila Jumatano hunitumia barua pepe ya kunikumbusha kuvuta pumzi ndani, kuishikilia kidogo, na kuitoa, kwa ajili ya afya ya akili. Najitahidi kutekeleza. Barua yenyewe hunijia wakati nimesimama mlangoni saa ya kumi na mbili asubuhi, nikizuia mlango usipigwe na upepo, nami nazivuta pumzi zote walizoniagiza.

Sasa sikilizeni habari ya kabati.

Nyuma ya meza yangu kuna kabati la mafaili, na kila faili ni kampuni. Sheria ya hapa inataka kila kampuni iliyosajiliwa iwe na anwani ya kweli ndani ya nchi, sanduku la posta peke yake halitoshi. Basi mawakili wa ghorofani huwapa wateja wao anwani yetu. Kampuni ziko mamia humo. Hazina meza, hazina kiti, hazina hata mtu mmoja wa kukohoa. Nazipokelea barua, nazigonga muhuri, nazipanga kwa alfabeti. Ni majirani wema sana: hawapigi muziki, hawaombi chumvi. Mmoja wao, kwa jinsi bahasha zake zinavyoonyesha, anamiliki ndege. Msicheke. Biashara ya kukodisha ndege ilishika mizizi hapa Ayalandi tangu mwaka 1975, pale Shannon, na leo sehemu kubwa ya ndege za kukodi duniani inasimamiwa kutoka nchi hii. Kwa hiyo, Mjomba, kuna faili kabatini, jembamba kuliko daftari lako la madeni, lina ndege. Na mimi ninayelifuta vumbi nikija nyumbani nalala sakafuni uwanjani nikisubiri kuunganisha.

Utauliza wanafuata nini. Wanafuata kodi, au tuseme wanaikimbia huku wakiifuata. Kodi ya faida ya kampuni nyumbani kwetu ni asilimia 30. Hapa ni asilimia 12.5, tangu mwaka 2003. Majitu makubwa kabisa, yale yenye mauzo ya euro milioni 750 kwa mwaka na zaidi, tangu 2024 yamepandishwa hadi asilimia 15, na kulikuwa na malalamiko ya kutosha kujaza Luas. Lakini asilimia ni ya faida, na faida, nimekuja kugundua, ina pasipoti.

Chukua duka lako la Msamvu. Unauza sukari, sabuni, vocha. Sasa lile jina, "Duka la Mjomba", unamwandikisha paka wako kuwa ndiye mwenye nalo, na paka unamhamishia ukaazi Comoro. Kila mwisho wa mwezi duka linamlipa paka ada ya kutumia jina lake, na ada hiyo, kwa uwezo wa Mungu, inalingana sawasawa na faida yote ya mwezi. Akija ofisa wa mapato kudai risiti za EFD, unamfungulia daftari kwa moyo mkunjufu: mauzo haya hapa, faida hakuna, kamuulize paka. Paka yuko Comoro na anasema mambo ya Morogoro hayamhusu. Wewe ukijaribu hivyo utalala ndani. Kwa kampuni kubwa za teknolojia na dawa ulikuwa mpango halali, wenye jina lake kabisa, Double Irish, na ulikuja kufungwa moja kwa moja mwaka 2020. Paka wao wengi walikuwa wakiishi Bermuda. Hali ya hewa nzuri.

Ila iliyonifanya nicheke peke yangu mapokezi, hadi mgeni mmoja akarudi nyuma, ni kesi ya Apple. Hawa wako Cork, kusini, tangu 1980. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya, chini ya kamishna mmoja mama wa Kidenmark, Margrethe Vestager, ikatoa uamuzi kwamba Ayalandi iliwapa nafuu ya kodi kinyume cha sheria za Umoja wa Ulaya. Kiwango halisi walicholipa kwa faida zao za Ulaya, ikasema, kilishuka hadi asilimia 0.005 mwaka 2014. Nimekupigia hesabu: euro 50 kwa kila euro milioni moja. Na sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeandikwa kwenye "ofisi kuu" ambayo, kwa maelezo ya Tume, haikuwa katika nchi yoyote, haikuwa na mfanyakazi wala jengo. Mjomba, hata hawa wangu wana kabati!

Ayalandi ikaamriwa idai euro bilioni 13 zake. Ikakataa. Serikali ilikodi mawakili, wa bei mbaya, kwenda mahakamani kuomba isilipwe. Mwaka 2020 ikashinda, yaani ikafanikiwa kutolipwa. Tume ikakata rufaa, na Septemba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikasema basi, yamekwisha, pokeeni hela yenu. Nikakumbuka kwetu 2017, tulipowaandikia Acacia, wale wachimba dhahabu, madai ya dola bilioni 190 na baadaye tukamalizana na Barrick kwa dola milioni 300 pamoja na hisa asilimia 16 kwenye migodi. Sisi tulidai milima tukapewa kichuguu, na bado tulipiga makofi. Hawa waliletewa mlima hadi mlangoni wakasema jamani, tumeshiba.

Nikiwatetea kidogo, maana wananilisha: hofu yao si ya kijinga. Sehemu kubwa ya kodi ya makampuni hapa inatoka kwa kampuni chache tu za kigeni, unaweza kuzihesabu kwa vidole, na nchi hii ina kumbukumbu mbichi ya kufilisika. Mwenye mpangaji anayelipa nusu ya nyumba hamgombezi kwa kuacha taa inawaka.

Wananchi nao walikasirika mwaka ule wa 2024, tena sana, lakini si kwa ajili ya bilioni 13. Walikasirika kwa sababu ya banda la baiskeli. Bunge lao lilijengewa banda la kuegesha baiskeli 36, likagharimu takriban euro 336,000. Zaidi ya euro 9,000 kwa kila baiskeli! Kwenye Luas habari ilikuwa hiyo tu, wiki baada ya wiki. Watu wasiosalimiana miaka yote waligeuka mafundi ujenzi, huyu anapiga hesabu ya nondo, yule ya vioo. Nikawaelewa. Bilioni hakuna aliyewahi kuiona, lakini banda kila mtu anaijua bei yake.

Mimi sina paka Bermuda. Hati yangu ya mshahara inaanza na PAYE, ndugu yule yule mnayemjua, amenitangulia hata huku. Asilimia 20 kwanza, na ukifanya ovataimu mpaka ukavuka kiwango fulani, 40. Anafuata PRSI, huyo ni wa pensheni na matibabu, simlaumu. Halafu anakuja USC. Huyu alianza 2011, nchi ilipokuwa chini ya usimamizi wa IMF na wakopeshaji wa Ulaya. Wakopeshaji walifunga mizigo mwisho wa 2013. USC alibaki, ameshazoea chakula cha hapa.

Sasa twende kwenye matangazo, maana Shangazi alilalamika kwamba simu yake inamtangazia mikopo usiku wa manane. Mwambieni mimi nakaa kwenye mdomo wa chemchemi. Makao makuu ya Ulaya ya Google na ya Meta yako mji huu huu, na kwa miaka mingi fundi viatu wa Ulaya aliyelipia tangazo mtandaoni alikuwa anaandikiwa ankara ya Dublin. Unaona jinsi mambo yalivyoshikana: tangazo lilimfuata mtu Paris, hela ikaja Dublin, faida ikaenda kumsalimia paka.

Viatu vya kazini vilinipa fangasi ya kidole gumba. Usiku nikatafuta dawa kwenye simu, ndani ya blanketi, kimyakimya, kama mtu anayeiba. Kesho yake nimefungua barua pepe yangu kwenye kompyuta ya mapokezi, kabla sijaifunga anatokea wakili mmoja, mama wa heshima zake, anainama kutia saini, na kwenye skrini kuna ukucha. Mkubwa, wa njano, umekuzwa mpaka unaona mistari. Maandishi yake yanauliza: umechoka kuficha miguu yako? Yule mama alitia saini haraka na kalamu akaniachia, yake mwenyewe, ya bei. Ukucha ule ulinifuata mwezi mzima. Ulikaa pembeni ya matokeo ya Simba na Yanga, ukaingia kwenye mapishi ya pilau.

Kabla ya ukurasa wowote kufunguka, lazima nitoe ruhusa ya vidakuzi. Ndivyo zinavyotaka sheria za Ulaya, pamoja na ile ya 2018 ya kulinda taarifa za watu, sheria nzuri, nami naiheshimu. "Kubali zote" ni kitufe kikubwa, kijani, kinang'aa. Kukataa kumeandikwa kijivu, kwa herufi za chungu, na ukikubonyeza unaletewa orodha ya mamia ya "washirika" uwakatae mmoja mmoja. Nani ana muda huo? Nakubali, nasoma matokeo, nalia. Msimamizi wa sheria hiyo kwa hawa wakubwa naye yuko hapa; mwaka 2023 aliwapiga Meta faini ya euro bilioni 1.2 kwa kupeleka taarifa za watu Marekani. Wakakata rufaa. Kila kitu hapa kinakatiwa rufaa isipokuwa PAYE.

Kuna tangazo jingine ambalo nimelipa jina, naliita Mama Asiye na Shida. Simu yangu imeshang'amua ninaongea Kiswahili, basi wanaotuma pesa nje wananionyesha mama mmoja amekaa mbele ya nyumba safi, ameshika kuku, anatabasamu kwa sababu mwanawe katuma kitu. Hasemi bati limetoboka. Hasemi ada ya mtoto wa dada yako, wala harusi, wala kwamba yule wa Oman anatuma zaidi. Namtazama huyo mama kwa wivu. Mama yangu hajawahi kutabasamu hivyo chini ya shilingi laki tatu.

Na hapa ndipo ninapochoka kabisa na hawa watu. Wenye matangazo wanajua niko Tallaght, wanajua lugha ninayoota nayo, wanajua ni kidole gani kinaniwasha. Lakini kampuni zilezile za dunia hiyo zikiulizwa na watoza kodi faida yao inakaa nchi gani, inahitajika miaka minane ya mahakama.

Tumalize ya kwenu. Hela ya bati imetoka Ijumaa; ada ya kutuma ni yangu, mkiona pungufu ni ya wakala wa huko, msinitafute. Duka libaki kwa jina lako, Mjomba, paka mwachieni panya. Dawa ya fangasi ya Bibi ileteni na mtu yeyote anayekuja Ulaya, nchi haijalishi.

Kuhusu binamu yangu aliyemaliza uhasibu Mzumbe na kusikia habari za kampuni ya ndege: ameiandikia barua ya maombi ya kazi bila kuniambia, nayo imefika Jumanne. Mwandiko mzuri, vyeti vimegongwa mihuri ya mwanasheria, picha ya pasipoti amevaa tai. Nimeigonga muhuri wangu wa kupokelewa nikaiweka kwenye faili lao. Juu ya bahasha ameandika iende kwa Meneja Rasilimali Watu, mkononi. Nimemsubiri meneja huyo mpaka saa ya chakula, hajatokea.

Mpwa wako,
mapokezi, Dublin.