Mabingwa wa Kando ya Ubao

Katika Mashindano ya Wagombea, yaani mchuano wa wachezaji wanane wa sataranji ambao mshindi wake hupata haki ya kumkabili bingwa wa dunia, hakuna wanaoujua mchezo kuliko watazamaji. Jambo hilo lilithibitika Toronto tarehe 21 Aprili 2024, katika raundi ya 14 na ya mwisho, pale Gukesh Dommaraju wa India, kijana wa miaka 17, alipotoka sare na Hikaru Nakamura na kufikisha alama 9, kisha akalazimika kusubiri pambano la Fabiano Caruana na Ian Nepomniachtchi, kwa kuwa mshindi wake, kama angepatikana, angelingana naye kwa alama. Caruana, aliyecheza na kete nyeupe, aliushika ushindi zaidi ya mara moja na kila mara akauachia, hadi hatua ya 109 walipopeana mikono kwa sare isiyomfaa yeyote kati yao. Muda wote huo programu ya kompyuta ilionyesha, kwa mstari wa rangi mbili kando ya ubao, nani anaongoza na kwa kiasi gani. Na mtazamaji ambaye jana yake hakujua farasi hurukaje aliwasikitikia magwiji hao kwa upofu wao. Wao, maskini, waliruhusiwa kutumia vichwa vyao tu. Yeye, mstari ulipopanda, alisema alikwishaliona hilo, na uliposhuka, alisema alikwishaonya.