Shangazi Bobini Anajibu: Cherehani ya Mtoto, Vituko vya Wazazi

Likizo imekaribia na barua zote za wiki hii ni za cherehani. Watoto wamesema wanataka kujifunza kushona, na wazazi wao wamefanya kama kawaida yao: wamenunua kwanza, ushauri wanauomba sasa.

*Shangazi, binti yangu wa miaka saba aliomba cherehani. Baba yake akapita Kariakoo, akarudi na kimashine cha plastiki cha rangi ya waridi, cha betri. Kimeshona gauni moja la mwanasesere. Mtoto alipovuta uzi uliokuwa unaning'inia, gauni likafumuka lote. Sasa binti anasema yeye kushona hawezi, na mume wangu anasema mtoto hana subira. Mkosaji nani? – Mama Waridi, Tanga*

Mkosaji ni kimashine, Mama Waridi. Vidude vingi vya namna hiyo hushona kwa uzi mmoja tu, wa juu. Chini hakuna bobini. Kila kitanzi kinashikwa na kinachofuata, na cha mwisho hakishikwi na kitu. Ukivuta hapo, umefumua kazi ya asubuhi nzima. Cherehani ya kweli ina nyuzi mbili zinazokabana katikati ya kitambaa, wa juu na wa bobini. Vipo vimashine vya betri vyenye bobini, lakini navyo vikikutana na pindo la kitenge lililokunjwa mara mbili vinaguna na kusimama. Mtoto hajui kwamba mashine ndiyo mbovu. Anajilaumu mwenyewe.

Kwa miaka saba, mpe kwanza sindano ya mkono, vifungo na vipande vya khanga iliyochakaa. Mume wako akitaka kujirekebisha, atafute cherehani ndogo ya umeme ya nyumbani, yenye kitufe cha kupunguza kasi na bobini inayowekwa kwa juu chini ya kifuniko cha plastiki inayoonyesha ndani, ili mtoto aone uzi unapokaribia kwisha. Mshono ulionyooka, wa zigizaga na wa matundu ya vifungo inamtosha. Asilipie mapambo mia ya maua na bata. Kabla ya kutoa pesa, aende na kitambaa chake mwenyewe na kipande cha jinzi, ashone mbele ya muuzaji, kisha ageuze aangalie upande wa chini. Na amuulize fundi wa mtaani kwenu: hii ikiharibika, utaigusa? Fundi akikuna kichwa, pesa zirudi mfukoni.

*Shangazi, mimi ni mzazi mwenye maono. Mwalimu wa mtaala wa umilisi amesema tukuze vipaji. Nimepata cherehani ya kiwandani, Juki, bei nzuri kabisa. Nataka msichana wangu wa miaka tisa aanzie pale wenzake wanapoishia. Mama yake anapinga. – Baba Maono, Nakuru*

Mama yake ana akili. Juki ya kiwandani aina ya DDL-8700 inaweza kufika mishono 5,500 kwa dakika, yaani zaidi ya 90 kwa sekunde. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshona kola za mashati kutwa nzima na kulipwa kwa idadi. Msichana wako akikanyaga pedali kwa mshtuko, kitambaa kitakuwa kimefika upande wa pili kabla hajaondoa kidole. Cherehani nyingi za nyumbani hazizidi mishono elfu moja kwa dakika, na hata hiyo ni mbio kwa mtoto. Ikiwa Juki umeshainunua, usiirudishe. Ishonee wewe.

*Mwanangu Shangazi, nina Singer yangu ya mkono, nyeusi, marehemu mume wangu aliniletea tulipooana. Mjukuu wangu ana miaka minane na anaililia. Mkaza mwanangu ataka kumnunulia mpya, asema yangu ni ya kuuzwa skrepa. Kweli, siku hizi yazunguka kwa uzito, ingawa naitia mafuta ya nazi kila mwezi. – Bibi wa Mji wa Kale, Mombasa*

Shikamoo Bibi. Hiyo ndiyo barua iliyonifanya nivue miwani niifute.

Mkaza mwana mwambie hivi, kwa upole: kwa mtoto wa miaka minane anayeanza, si rahisi kupata mashine bora kuliko ya mkono. Ukizungusha mpini mara moja, sindano hushuka kama mara tatu hivi. Mtoto akishtuka akaacha kuzungusha, nayo inasimama. Haihitaji LUKU wala tokeni, na hakuna pedali ya kutafuta kwa ncha ya kidole cha mguu. Tatizo lake ni moja la kweli: mkono wa kulia unazungusha, kwa hiyo kitambaa kinaongozwa na wa kushoto peke yake. Basi aanze na mistari mifupi, mfuko wa mraba au foronya, si gauni la Idi.

Sasa hayo mafuta ya nazi. Bibi, yaache kwa nywele na wali. Ndani ya cherehani yanaganda na kuwa gundi, na hiyo ndiyo sababu ya uzito. Dondosha mafuta ya taa kidogo kwenye vitundu vya mafuta, zungusha polepole mpaka ilegee, futa uchafu utakaotoka, kisha tia mafuta meupe ya cherehani, tone moja kila kitundu. Ushone kwanza kwenye kitambaa kibovu ili madoa yaishie hapo.

Halafu sukuma kile kibati kinachoteleza karibu na sindano, uchungulie bobini. Ikiwa ni ya duara, huenda ukapata inayofaa kwenye maduka ya vifaa vya kushonea, ila nenda na ya zamani mkononi mkalinganishe. Ikiwa ni nyembamba ndefu, imelala ndani ya kidude chenye umbo la mtumbwi kinachokwenda mbele na nyuma, basi hizo bobini zilinde kama dhahabu, maana za duara haziingii. Mashine yenyewe haijazeeka kiasi cha kudharauliwa. Singer nyingi za aina hiyo zilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, na bado zinashona. Jambo la mwisho: kichwa chake ni chuma kitupu. Mjukuu asiibebe hata akiapa kwamba ana nguvu.

*Shangazi, kaka yangu wa Minnesota ametutumia cherehani mpya ya umeme kwa ajili ya mwanetu. Tuliichomeka, ikanguruma kwa furaha, ikatoa moshi. – Mama Moshi, Arusha*

Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, na za mitumba kutoka Japani pia, maana kule ni volti 100. Kaka mshukuru kwa sanduku.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mvulana wa miaka kumi. Mama amenunua cherehani ya umeme lakini pedali ameifungia kabatini mpaka nikue. Wenzangu wanasema kushona ni kazi ya wasichana. Na mimi nataka kumshonea paka wetu suruali. – Fundi Mdogo, Morogoro*

Marahaba, fundi. Wenzako wapeleke matembezi kwenye vibaraza vya mafundi, wahesabu wanaume walioinamia cherehani, kisha wakuambie sare walizovaa zilishonwa na nani.

Mama mwonyeshe safu hii. Pedali aitoe kabatini, aiweke juu ya kiboksi imara ili mguu wako uifikie, kasi aishushe hadi mwisho, akae kando yako. Siku ya kwanza usitie uzi. Weka sindano kuukuu, chukua karatasi ya daftari, ushone juu ya mistari yake: matundu yakitoka nje ya mstari utayaona mwenyewe. Ukihamia kwenye kitambaa, badilisha sindano, kwa sababu karatasi huifanya butu, na mguu wa cherehani uwe juu unapotunga uzi. Nyuzi zikijisokota chini ya kitambaa, usilaumu bobini. Tunga upya uzi wa juu.

Suruali ya paka ni kazi ngumu kuliko ya baba yako. Ina miguu minne na inahitaji tundu la mkia, na kiunoni tia mpira, si kifungo. Vipimo vichukue akiwa anakula dagaa. Na usimjaribishe kabla hujatoa pini zote.