Kiti Kinachoponya

Vyuo kadhaa vya Uingereza vina kanuni tamu: mwanafunzi akishakaa kwenye mtihani, amejitangaza mzima. Daktari gani ana dawa ya haraka kama kiti hicho?

Mwenye ugonjwa wa Crohn, ambao huvuruga utumbo bila hodi, akiingia haumwi. Asipoingia, alete cheti. Akifeli na kuzuiwa kupanda mwaka, anaelekezwa kwenye sheria.

Na sheria ipo. Ile ya Usawa ya 2010 huweza kumhesabu kuwa mlemavu iwapo maradhi yanamkwamisha sana kwa miezi 12 au zaidi, na chuo hupaswa kumrekebishia mazingira. Ila Sheria ya Elimu ya Juu ya 2004, kifungu cha 12, haimruhusu kulalamikia uamuzi wa kitaaluma kwenye ofisi huru ya malalamiko. Basi chuo kikibanwa, hata dakika za kwenda msalani zinageuka taaluma!

Lakini Februari 2024, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Bristol (ya msiba wa mwanafunzi, si ya kuchekea), Mahakama Kuu ilikubali kwamba kiwango cha ujuzi ni jambo moja, namna ya kukipima ni jingine.