Ngeli za Karaha: Uchunguzi wa Awali kutoka Tunduma

Wanaisimu huzipanga nomino za Kiswahili kwa ngeli. Mimi kazi yangu ni kujaza fomu za malori yanayovuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia na Kongo, lakini nimebaini kwamba karaha za kumfungulia mtoto akaunti kwenye mashine ya gemu nazo zina ngeli zake, na upatanisho wake unatoa jasho. Data zilikusanywa sebuleni, siku nne mfululizo, baada ya ugali.

Ngeli ya KI-VI tuimalize haraka: kitambulisho, kisanduku, kibali. Hicho kibali kina asili yake katika sheria ya Marekani ya 1998, inayozitaka kampuni za mtandaoni zipate ridhaa ya mzazi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13. Ridhaa ninayo tele. Hakuna aliyeipokea.

Ngeli ya mahali ni tajiri zaidi. PA ni mahali mahususi, KU mahali pasipo dhahiri, MU ni ndani. Mashine inataka PA: nchi gani? Nikateremka na orodha. Tanzania haimo. Zambia, ambayo naiona nikisimama barazani, nayo haimo. Afrika Kusini imo. Basi nikawa mtu wa Johannesburg kwa dakika sita, mpaka kadi yangu ya benki ilipokwenda kunisemea.

Lakini ngeli iliyopuuzwa mno na wataalamu ni ya I-ZI, kwa sababu ya nomino moja: saa. Sisi wa Tunduma tunazo tatu. Kuna saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabiwa jua likichomoza. Kuna ya mashine, inayoanza katikati ya usiku. Na kuna ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, iliyo nyuma yetu kwa saa nzima, ambayo simu huidaka yenyewe mtandao wa Zambia ukizidi nguvu. Mke wangu aliweka mwisho wa kucheza kuwa 3:00, yaani usiku, taarifa ya habari ikishapita. Mashine ikaelewa saa tisa ya usiku wa manane. Watoto waliligundua kosa hilo mapema wakalinyamazia, ishara ya ukomavu wa kitaaluma. Tulipoamua kuwatoa wenyewe kwa kutazama simu, simu ilikwisha hamia Nakonde. Wakapata saa nyingine ya bure.

Imebaki M-WA, ngeli ya watu.

“Baba, mbona yangu imekubali?” aliuliza kitinda mimba, miaka minane. Alikuwa ameandika kwamba alizaliwa 1990. Kwa kuwa ndiye mtu mzima wa kwanza kusajiliwa, mashine imemfanya mkuu wa kaya. Sasa kaka yake wa miaka 12 akitaka kuongezewa muda, ombi linakwenda kwake, na mpaka naandika haya ameshalikataa mara mbili.